Kioko na Waya wa Asubuhi

Mimi sina subira, na sijawahi kuificha tabia hiyo. Nikingoja feri pale Mnarani nasimama, siketi. Nikingoja chai ichemke naifunua sufuria mara tatu, na mama yangu alikuwa akisema chai ya Mbeyu haichemki kwa sababu inaona haya kutazamwatazamwa. Basi niwekeeni mbele yangu mtu kama Kioko, mtu anayeweza kukaa saa nzima anautazama waya mmoja bila kuugusa, halafu mniambie nisikasirike. Nilikasirika wiki tatu. Namsimulia leo kwa sababu nilimkosea.

Kioko alikuwa fundi wa simu. Alizaliwa Mwala, Ukambani, akateremka pwani mwaka wa sabini na sita pamoja na kundi la mkandarasi mmoja aliyekuwa akisimika nguzo za simu kaskazini ya Malindi. Pwani ikamkaa. Akamwoa Nyevu, binti wa Jilore, wakajaliwa watoto wawili. Siku moja, upande wa Adu huko, alipanda nguzo ambayo mchwa walikuwa wameimaliza chini, ikaenda naye mpaka ardhini. Mguu wa kushoto uliunga vibaya ukawa mfupi, na mtu wa mguu mfupi hapandishwi nguzo tena. Tangu hapo, miaka minne mizima, aliishi kwa vibarua: leo kengele ya duka, kesho redio ya mwalimu, keshokutwa hakuna kitu.

Mwaka wa themanini na nane hoteli moja ya Watamu ikatangaza kwamba inatafuta fundi wa kudumu wa simu za vyumbani. Ilikuwa kazi ya chini, hakuna nguzo, mshahara kila mwezi, na chumba cha kukaa na familia. Walimwona, wakampenda, wakamwambia alete jambo moja tu: barua ya mtu anayejulikana, iseme kazi yake ikoje. Mwisho wa kuipokea ulikuwa Jumamosi ya mwisho ya Julai. Kioko alijua watu wengi, lakini mtu wa kujulikana alikuwa na mmoja tu, naye ni Mzee Gerishom Ochola wa Kibarani, hapa Kilifi. Mzee huyo ndiye aliyekuwa bosi wangu.

Mzee Ochola alitoka kwao Nyanza angali kijana, akafanya ukarani wa shamba la mkonge miaka thelathini. Alipostaafu, badala ya kurudi kwao kufuga ng'ombe kama wenzake, alinunua kompyuta. Ndiyo, kompyuta, ya kwanza kuonekana Kibarani. Akaiweka chumba cha mbele cha nyumba yake na kuifunika kitambaa cha kufuma, na majirani wakaja kuitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashamba yalimletea orodha za marobota ya mkonge, nami nikaziingiza mchana kutwa. Asubuhi ya pili kompyuta ilizituma kwa njia ya simu mpaka kwa wakala wa meli, Mombasa. Kati ya kompyuta na ukuta palikuwa na kisanduku kidogo kilichogeuza maandishi kuwa mlio, na kule Mombasa palikuwa na kisanduku kingine kilichougeuza mlio kuwa maandishi tena. Ofisi ya Mombasa ilifunguliwa saa mbili. Saa tatu wapakizi walitaka orodha mkononi. Nilikuwa na saa moja tu.

Kwa muda wa miezi minne saa hiyo ilinitosha na kubaki. Orodha nzima ilikwenda kwa dakika tano, nikapata nafasi ya kunywa chai. Ilipoingia Julai, ikaanza kwenda kwa dakika ishirini. Halafu arobaini. Siku moja ilifika hamsini na tano, na mimi nimesimama nyuma ya kiti nikiuma kucha, maana kiti chenyewe kilikuwa hakikaliki. Wakala akapiga simu akamwambia mzee kwamba akichelewa tena atatafuta mtu mwingine.

Kisanduku cha Mombasa kilikuwa na ukaidi wake. Kikipokea ukurasa uliochafuka njiani, hata kwa herufi moja, kiliukataa, na chetu kikautuma upya. Unakataliwa, unatumwa, unakataliwa tena. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na namba ya ukurasa, na mimi niliitazama ikigoma kwenye saba kama punda aliyechoka. Nilikuwa naizungumzia kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Aliyeutandika waya kutoka ukutani hadi kwenye kisanduku ni Kioko, mwezi wa Machi. Kwa hiyo aliyeitwa ni Kioko. Na aliyelaumiwa, kuanzia siku ya kwanza kabla hajaweka hata mfuko wake chini, ni huyo huyo Kioko, na mwenye kulaumu nilikuwa mimi. Nilimwambia mzee kwamba waya umefungwa kivivu. Nilimwambia mguu mfupi si kitu, shida ni akili fupi. Nilisema hivyo Kioko yupo hapo hapo, anasikia, anatoa bisibisi mfukoni.

Hakunijibu. Kioko alikuwa hajibu kitu mpaka amalize anachokifanya, na akimaliza huwa umeshasahau ulichomuuliza. Aliomba kigoda, akakaa, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kazi kwa namna yake. Kwanza aliuondoa waya wote, ila plagi, akaweka mwingine mpya. Hali ikawa ile ile. Kesho yake akaazima kisanduku cha akiba kutoka kwa wakala, akakijaribu, nacho pia kikakwama. Siku ya tatu akachomeka simu yake ya kupimia nje ya nyumba, pale waya wa nguzo unapoingilia ukutani, akasikiliza sana macho ameyafumba. Akasema kule nje laini ni safi, maji ya kunywa. Tatizo liko ndani ya nyumba. Kila siku alijaribu kitu kimoja tu, hakugusa cha pili, na mimi nilikuwa najiuliza hivi huyu analipwa kwa miaka.

Nilimwambia abadilishe vyote kwa mara moja. Akaniambia polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba ukibadilisha vyote na mambo yakatengemaa, hutajua ni kipi kilichokuwa kibaya, na kesho kitarudi. Nikamwambia mwenda pole hajikwai lakini vilevile hafiki. Mzee Ochola akacheka. Kioko hakucheka.

Alikuwa na daftari. Aliniomba niwe namwandikia kila asubuhi orodha imekwenda kwa dakika ngapi, na mchana nijaribu kuituma tena, bure tu, aone. Niliona ni upuuzi, ila niliandika. Na hapo ndipo tukaona ajabu. Asubuhi dakika hamsini. Saa sita mchana dakika sita. Asubuhi tena hamsini, mchana saba. Siku ya mvua, mchana wake ulikuwa mbaya karibu sawa na asubuhi. Nikauliza kama waya nao unapenda kulala. Kioko akalishika lile daftari, akalitazama kwa muda mrefu, akasema labda ni umande. Alikaa siku nne akisaka umande. Alikausha uso wa soketi kwa kitambaa, alipitisha waya juu mbali na sakafu, alipaka ukuta chokaa. Hakuna.

Ndani ya siku hizo nne aliniuliza swali moja. Kila jioni nilikuwa naichomoa ile plagi ya ukutani, kwa amri ya mzee aliyeogopa radi, na asubuhi naichomeka. Hilo wote tulilijua. Kioko akaniuliza kama kuna jambo jingine linalofanyiwa plagi kati ya kuichomoa na kuichomeka. Nikamwambia hakuna, tena nikamwambia kwa ukali, maana niliona anatafuta pa kuutupia mzigo wake. Na wallahi siku ile sikujua kama nasema uongo.

Wiki ya tatu ikafika. Wakala alikuwa ametupa mpaka Jumatatu. Barua ya Kioko ilitakiwa Watamu Jumamosi. Alhamisi jioni Mzee Ochola alimwambia waziwazi kwamba yeye hawezi kumwandikia mtu barua ya kusifu kazi yake huku kazi yenyewe imelala pale mezani haisogei. Alisema kwa upole lakini alisema. Kioko akaitikia, akachukua mfuko wake, akaenda zake akichechemea. Niliona mgongo wake ulivyokuwa, na sikumwonea huruma. Niliwaza feri ya kurudi nyumbani.

Ijumaa nilifika saa moja unusu, nikamkuta ameshafika, ameketi juu ya kigoda, plagi iko mkononi mwake. Mzee alikuwa amekwenda sokoni kuwahi samaki. Asubuhi hiyo ilikuwa na baridi yetu ya upepo wa kusi, ile inayowafanya wazee wavae makoti na wageni kutucheka.

Akaniambia, bila kunitazama, kwamba jana asubuhi Nyevu alitaka kumpaka mtoto mafuta ya nazi, akakuta yameganda ndani ya chupa. Nyevu akaenda kuiweka chupa juani, ukutani, yakayeyuka. Kioko alikuwa ameishi pwani miaka kumi na miwili na alikuwa hajawahi kulitazama jambo hilo, kwa kuwa mafuta ni mambo ya wanawake, na kwao Ukambani walikulia samli. Alikuwa akinywa uji. Aliuacha uji akaja, lakini alipofika jua lilikuwa limeshapiga ukuta wetu, hakuona kitu, na hakutaka kumwambia mzee jambo asilolishika mkononi.

Akageuza plagi, akaniinulia karibu na macho. Katikati ya vile vijino vya shaba palikuwa pamejaa kitu cheupe, kigumu, kama samli iliyolala. Akachukua kijiti akachokora ndani ya soketi ya ukutani, kikatoka cheupe vilevile, tena kingi. Akakinusa. Mafuta yangu nayapika mwenyewe, na ninatia asumini.

"Nani anapaka mafuta hapa, dada Mbeyu?"

"Sijui," nikasema.

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi. Sijui! Mimi ndiye niliyekuwa nikipaka, kila jioni ya Mungu, tangu Aprili. Bibi yangu kule Jilore alinilea kwa sheria moja: chuma cha pwani usipokipaka mafuta, chumvi itakila. Nilipaka bawaba za mlango, nilipaka cherehani, nilipaka panga, na nilipoona vijino vya ile plagi vinaanza kuota kijani, nikavipaka navyo kwa kitambaa changu, kama mtu anavyonawa mikono. Sikuhesabu kwamba huko ni kufanya kitu. Kwangu mimi ilikuwa kutunza. Siku za joto mafuta yalikuwa maji, shaba ikaipata shaba mwenzake, mambo yakaenda. Ilipoingia kusi yakaanza kuganda usiku kucha, asubuhi yanaikalia njia, na mpaka jua lipige ukuta ule ndipo yanaachia. Wiki tatu nzima nilimwita mwenzangu mvivu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiiziba njia yake jioni baada ya jioni. Nyani haoni kundule.

Kioko hakuniuliza mara ya pili. Alitoa kichupa cha spiriti, akasafisha kijino kimoja kimoja, akasafisha soketi, akaipuliza, akaichomeka. Ilipogonga saa mbili nilituma orodha. Dakika nne na nusu. Namba za kurasa zilipita kwenye kioo sijawahi kuziona zikipita hivyo.

Mzee Ochola akaingia na samaki wake mkononi, akaona kioo, akaona saa ya ukutani. Akauliza ilikuwa nini.

"Ni plagi, mzee," Kioko akamjibu. "Sikuifunga sawasawa tangu Machi. Kosa ni langu."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Nilisubiri mdomo wangu useme, maana mdomo huu haujawahi kungoja ruhusa ya mtu. Siku hiyo ulinyamaza. Mzee akamshukuru Kioko, akamwambia akae nje barazani, barua yake itaandikwa sasa hivi.

Nilimfuata nje kwa hasira. Ndiyo, hasira, nilikuwa nimemkasirikia yeye! Nikamuuliza kwa nini amesema vile, na anajua vizuri sana ni mafuta ya nani. Akaniambia kwamba yeye huingia nyumba za watu. Huona vitanda vyao, husikia ugomvi wao. Akianza kuwataja, nani atamfungulia mlango tena? Kazi yake ni kutengeneza, siyo kushitaki. Nikamuuliza, na barua je? Akasema mzee ataandika kama anavyoona. Nikarudi ndani.

Barua tulizipiga kwa taipureta. Nikaweka karatasi, mzee akasimama dirishani mikono nyuma, akaanza kunitajia. Ilikuwa barua nzuri. Alisema Kioko ni mwaminifu, hanywi, huja kwa wakati, ana subira ambayo hajaiona kwa fundi mwingine. Vidole vyangu vilikwenda. Lakini Mzee Ochola ni mtu ambaye kwa miaka thelathini hakuandika jambo asiloamini, na hakuwa tayari kuanza uzeeni. Akasema:

"Hata hivyo, ni haki mjue kwamba alipotuwekea waya hakuifunga plagi vyema, na kosa hilo lilitusumbua wiki tatu."

Vidole vikasimama. Hoteli ile ilikuwa na vyumba mia na kitu. Kila chumba kina simu, kila simu ina plagi. Nani angesoma mstari ule akamwajiri? Nilimwona Nyevu na chupa yake ukutani. Nilijiona na mimi pia, msinione mtakatifu: nilikuwa na mama yangu huko Jilore anayenitegemea, na kazi ya kompyuta hapa Kilifi ilikuwa hiyo moja, hakuna ya pili. Nikawaza niuruke mstari. Lakini mzee husoma kila neno kabla ya kutia sahihi. Nikawaza niupige kama ulivyo, ni neno lake Kioko mwenyewe, nimemlazimisha nani? Mzee akauliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia.

Nikapiga mstari mwingine. Nikapiga kwamba waya aliuweka vizuri, na kwamba kilichotusumbua wiki tatu ni mafuta ya nazi yaliyopakwa kwenye plagi kila jioni na karani Mbeyu Garama bila kumwambia mtu, na kwamba Kioko aliligundua jambo hilo kwa akili yake mwenyewe. Nikaitoa karatasi, nikampa.

Akavaa miwani. Akasoma. Akarudi juu akasoma tena.

"Mstari huu si wangu," akasema.

"Ni wangu, mzee. Ndio wa kweli."

Akaniuliza nimejua lini. Nikamwambia asubuhi ile, kabla ya saa mbili. Akaniuliza kama Kioko aliposema kosa ni lake nilikuwa chumbani. Nikamwambia nilikuwapo, nilisikia kila neno. Halafu akachukua kalamu, akatia sahihi, sahihi yake ile ndefu yenye mkia, akaikunja barua akaitia katika bahasha.

"Weka karatasi nyingine," akasema.

"Naandika kwa nani, mzee?"

"Kwako."

Akarudi dirishani akanitajia. Alisema mafuta ni kutojua, na kutojua husamehewa. Lakini karani aliyemwona mtu akibeba kosa lake akanyamaza, huyo yeye mzee hawezi kumwachia orodha za watu. Aliyasema bila kupaza sauti, akinipa nafasi ya kupiga kila neno, na penye jina langu akanitajia mpaka la baba. Sikumwomba. Machozi yalikuwa yakinishuka na sikuyafuta, nilihitaji mikono yote miwili. Alipomaliza akaisoma, akatia sahihi ile ile.

Nikatoka na bahasha mbili. Kioko alikuwa bado ameketi barazani, mfuko wake magotini. Nikampa yake. Akaifungua palepale, akaisoma kwa kidole, taratibu, mstari kwa mstari, nami kwa mara ya kwanza sikumhimiza. Kidole kilipofika kwenye jina langu kikasimama. Akainua macho, akaona bahasha ya pili mkononi mwangu.

"Na hiyo, dada?"

"Ya kunifukuza."

Akataka kuinuka aende ndani kwa mzee. Nikamshika bega nikamrudisha chini, nikamwambia asithubutu. Akakaa. Akaniuliza barua hiyo ameipiga nani.

"Mimi," nikamwambia. "Na haina kosa hata moja."